Picha za Nyumbani Zikae Wapi?

Wiki mbili zilizopita tulipokea barua kutoka Ekerenyo, mji mdogo wa Mugirango Kaskazini katika kaunti ya Nyamira. Aliyeiandika ni dada yetu mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, aliyeolewa huko bara miaka tisa iliyopita, na ambaye husoma jarida letu kila linapotoka kwa kutumiwa na shangazi yake. Anatueleza kuwa mvua ya alasiri, ambayo watu wa milima ile wameizoea kama sisi tulivyozoea jua, ilimkuta njiani akitoka sokoni. Simu ikaingia maji, kioo kikazima. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na picha zipatazo 1,100: za watoto wake watatu tangu kuzaliwa kwao, za marehemu mama yake katika mwaka wake wa mwisho, na za usiku wa kupamba wa mdogo wake wa kike.

"Fundi alitaka nimwachie simu pamoja na neno la siri, niifuate kesho," ameandika. "Nikasimama nayo mkononi. Nilizitaka picha za mama. Lakini zile za kupamba sikutaka mtu baki azione."

Mwishowe alikaa kwenye benchi la fundi muda wa saa tatu, kioo kikabadilishwa mbele ya macho yake, kisha akaifungua simu kwa mkono wake mwenyewe. Alifanya vyema, na tungependa kila mama alijue hili: kubadilisha kioo hakuhitaji neno la siri. Fundi akilidai, muulizeni ni la nini.

Picha zilipatikana, al-hamdulillah. Sasa dada yetu anauliza ni mahali gani mtandaoni pa gharama nafuu anapoweza kuzihifadhi, ili wakwe zake wa Nyamira, jamaa zake wa Mombasa na dada yake mkubwa aliyeko Muscat wazitazame pamoja, na zisizofaa kutazamwa zibaki na sitara yake.

Mabibi zetu hawakuwa na swali hili. Waliingia studio ya Parekh mjini Mombasa, au ya Bakor kule Lamu, au Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930, wakakaa mbele ya pazia, wakalipa mara moja tu. Picha ikachapwa, ikatiwa katika albamu, albamu ikawekwa sandukuni, na ufunguo ukakaa kwa mwenyewe. Siku hizi sanduku ni la kukodi, nalo li katika nyumba ya mtu tusiyemjua. Mwenye nyumba huyo anaweza kupandisha kodi wakati wowote, na wala hatubuni.

Mnamo mwaka 2013 kampuni ya Flickr iliwapa watu wote nafasi ya terabaiti moja bure, nafasi ambayo familia ya kawaida isingeweza kuijaza kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ikauzwa kwa kampuni ya SmugMug, na kabla ya mwaka huo kwisha wasiolipa wakatangaziwa kwamba picha zao hazitazidi 1,000, zilizozidi zingefutwa. Photobucket nayo, mwaka 2017, iliwageukia watu waliokuwa wakiitumia kuonyesha picha zao katika kurasa nyingine, ikawadai karibu dola 400 kwa mwaka. Kisha ikaja zamu ya Google, ambayo tangu mwaka 2015 ilikuwa ikipokea picha bila ya kikomo mradi tu zikubali kupunguzwa ukubwa. Tarehe 1 Juni 2021 mlango huo ulifungwa. Tunayataja haya kwa sababu wengi wetu tumeingia mahali fulani kwa kuwa ni bure, na hatukuuliza tutatokaje.

Kwa hivyo, dada yetu, kabla ya bei tungeuliza hivi: je, siku nikitaka kuondoka, nitaweza kuzichukua picha zangu zote kwa mara moja, kwa ukubwa wake wa asili? Google ina njia ya kufanya hivyo, inayoitwa Takeout. Apple pia inakubali mtu aombe nakala ya vitu vyake. Mahali pasipokuwa na mlango wa kutokea, hata pakiwa pa bure, tupaache.

Sasa tuje kwenye hesabu. Picha ya simu ya kawaida ina uzito wa megabaiti tatu hivi. Picha 1,100 ni gigabaiti tatu na kitu. Google hutoa gigabaiti 15 bure, lakini nafasi hiyo hugawanywa baina ya picha, barua pepe na mafaili mengine, na siku hizi hata akiba ya mazungumzo ya WhatsApp kwa wenye simu za Android. Apple hutoa gigabaiti tano tu. Maana yake ni kwamba dada yetu, kwa leo, hana haja ya kulipa hata senti moja. Nafasi ya bure inamtosha, na huenda ikamtosha miaka kadhaa akiwa na tabia ya kufuta. Na hapa tuseme ukweli: nani kati yetu hufuta? Chai moja ya Idd huleta picha 40, na 35 kati yake ni za mtoto yule yule amefumba macho. Video ndizo zinazomaliza nafasi kuliko kitu kingine chochote. Harusi ya dakika kumi iliyorekodiwa kwa simu mpya yaweza kula nafasi ya mamia ya picha.

Ikifika siku ya kulipa, gigabaiti 100 za Google bei yake ya Marekani ni dola mbili kasoro senti moja kwa mwezi, yaani kama shilingi 260 tukihesabu dola kwa shilingi 130. Bei ya Kenya huonekana kwenye simu kabla ya kukubali, basi isomeni. Mtu asiye na kadi ya benki anaweza kufungua ile kadi ya Visa ya M-Pesa isiyoshikika, iliyoanza mwaka 2022. Kuna na faida moja ambayo kina mama wa vyama wataifahamu upesi: nafasi hiyo mtu mmoja huweza kuigawana na jamaa watano, na kila mmoja picha zake hubaki zake, mwenzake hazioni. Watu sita wakichanga, ni shilingi 43 au 44 kila mwezi kwa kila kichwa. Ila wote sharti wawe wanaishi nchi moja, kwa hivyo dada wa Muscat hatoingia katika mchango huu. Atatumiwa albamu, atazame.

Na kundi la familia la WhatsApp lisihesabiwe kuwa ni hifadhi. WhatsApp huipunguza picha ili ipite upesi. Ukiipeleka kuchapwa kwa ukubwa wa kutundika ukutani, uso wa marehemu hutoka kama umefunikwa na chandarua. Anayetaka kumtumia mwenzake picha kamili aitume kama faili.

Gharama nyingine ambayo haiandikwi popote ni ya bando. Programu ya picha ikiachiwa, itapandisha kila kitu kwa data ya simu, na gigabaiti tatu si kidogo kwa mfuko wa mwalimu. Iamrishwe ipandishe kwa Wi-Fi tu, kisha dada yetu aiache simu ofisini anakofundisha, kwa ruhusa ya mkuu wake, siku tatu au nne. Tafadhali asitumie kompyuta ya saiba kwa kazi hii. Tumewahi kukaa kwenye kompyuta ya saiba na kukuta akaunti ya mtu iko wazi, na picha za nyumba yake nzima ziko mbele yetu. Tuliifunga, lakini aliyetangulia kukaa pale kabla yetu hatumjui.

Tumefikia jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko shilingi. Kupamba ni majlisi ya wanawake. Mlangoni huwekwa mtu wa kukusanya simu, na wengi wetu tumewahi kuona ugomvi kwa ajili ya simu moja iliyopenya katika mkoba. Mambo yanayolindwa vile usiku ule hayafai kuachwa wazi asubuhi yake kwa kutojua.

Flickr, kwa mfano, picha ukiipandisha bila ya kubadilisha chochote, huwa ya umma. Na wasiolipa, tangu mwaka 2022, wanaruhusiwa picha 50 tu zisizo za umma. Ni mahali pazuri pa mpiga picha anayetaka kujulikana. Kwa mama anayetaka sitara, hapafai. Google haiweki picha wazi kwa wote, lakini albamu yake ikishirikishwa kwa kiungo, yeyote atakayekipata kiungo hicho huingia. Wifi akimpelekea mumewe, mume akampelekea rafiki, hakuna atakayebisha hodi. Albamu ya kupamba isitengenezewe kiungo hata siku moja. Zipo pia hifadhi kama Ente, ambazo picha hufungwa kwa ufunguo alio nao mwenyewe pekee, hata kampuni yenyewe isiweze kuziona. Hizo zinatuvutia sana. Lakini ukipoteza neno la siri pamoja na yale maneno 24 ya kurejeshea, picha zimekwenda, na hapana wa kumlilia.

Kina mama wenye watoto wachanga tuna neno nao. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika juu ya baba mmoja wa San Francisco aliyempiga picha mwanawe mgonjwa sehemu za siri ili daktari aone. Picha ikapanda yenyewe mtandaoni, mashine za Google zikaiona kuwa ni uchafu, akaunti yake ikafungwa, akapoteza barua, nambari na picha za miaka mingi. Polisi walimchunguza, wakamwona hana hatia, na akaunti bado haikurudi. Picha za mtoto akiogeshwa zisiwemo kabisa katika kile kinachopanda.

Nchini mwetu sheria nayo imeamka. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza skuli moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 mnamo Septemba 2023 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya ridhaa ya wazazi wao, na siku zile zile mkahawa mmoja ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Mpiga picha wa harusi anayezirusha picha za wageni kwenye ukurasa wake wa biashara ayasikie haya. Nanyi mnaomwajiri, mwandikianeni kabla, si baada.

Jambo la mwisho hatulipendi kulitaja, ila mauti hayaombi ruhusa. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Katika mipangilio yake mna mahali pa kumtaja mtu atakayepewa vitu vyako ukinyamaza kwa miezi kadhaa. Apple pia wana utaratibu wa mrithi tangu mwisho wa mwaka 2021. Huchukua dakika kumi. Tunao wajane wawili miongoni mwa wasomaji wetu ambao picha zote za ndoa zao zimo katika simu za waume zao, na hakuna ajuaye kuzifungua.

Dada yetu wa Ekerenyo tulimwandikia haya kwa ufupi, akatujibu Jumatatu. Amefungua akaunti mpya ya picha pekee, na picha 1,038 zimepanda kwa siku nne. Albamu ya marehemu mama yake ameishirikisha kwa majina, si kwa kiungo kilicho wazi, na mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kufika Mombasa, ameomba achapishiwe moja aitundike sebuleni. Zile 62 za kupamba hazikupanda popote. Amezitia katika flashi mbili: moja anayo yeye, na nyingine shangazi ataipokea Kibokoni kwa mkono wa mtu anayesafiri Alhamisi, inshaallah, na kuitia katika sanduku la marehemu, pamoja na albamu za zamani.