Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwanza Acheze

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo hutajwa sana panapokuwa na nafasi ya kazi katika shule au chuo, na aghalabu hutajwa na wale ambao wamekwisha kumchagua mtu wao moyoni. Husemwa kwamba kazi ya kufundisha michezo apewe aliyesoma hapo hapo, aliyevaa jezi ya chuo, anayezijua nyimbo zake na aliyewahi kukifungia mabao. Wasemao hivyo hulisahau neno moja katika methali yenyewe. Anayetunzwa ni mcheza kwao, wala si mkaa kwao. Hutunzwa kwa sababu amecheza mbele ya macho ya watu, nao wameona.

Jambo hili lafaa kufikiriwa hasa mahali kama Peramiho, upande wa magharibi wa mji wa Songea. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa huko mwaka 1898, ikachomwa moto wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha ikajengwa upya. Tangu hapo Peramiho imekuwa mahali pa shule, hospitali, uchapaji wa vitabu na karakana za ufundi, na vijana wengi wa Ungoni na kwingineko wamepitia huko. Mahali pa namna hiyo huzaa udugu wa kweli. Waliolala bweni moja na kulima shamba moja la shule hawasahauliani, hata mmoja awapo ofisa wa wilaya na mwingine mkuu wa chuo. Udugu huo ni mali, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka ufe. Swali ni moja tu: je, udugu huo una haki ya kuandika barua ya ajira?

Katika utumishi wa umma swali hilo lilikwisha kujibiwa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2007, ilizaa Sekretarieti ya Ajira, ili nafasi zitangazwe na waombaji wasailiwe kwa sifa zao. Lakini kazi ya kufundisha michezo mara nyingi hupita mlango mwingine. Aghalabu si ajira ya kutangazwa, bali ni jukumu analobebeshwa mwalimu wa historia au wa kilimo juu ya vipindi vyake, kwa neno la mkuu wa shule. Kadhalika, katika vyuo visivyo vya Serikali, mwenye chuo ndiye mwajiri, na taratibu zake ni zake. Palipo na neno la mdomo tu, ndipo kujuana kunapopata kiti cha kukalia.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, maana ni mpira tu. Hao hawajamfikiria mwanafunzi. Msichana wa kidato cha pili mwenye mbio za asili akipata mwalimu asiyejua kupima mazoezi, atakimbizwa kila siku mpaka goti liharibike, na safari yake ya UMISSETA itaishia kitandani. Katika chuo cha ualimu hasara ni kubwa zaidi. Mkufunzi asiyejua kazi humtoa mwalimu anayedhani kuwa kipindi cha michezo maana yake ni kuwatupia watoto mpira kisha kukaa kivulini. Mwalimu huyo atawafundisha mamia ya watoto katika maisha yake ya kazi, nao watadhani hivyo hivyo. Na yuko kijana aliyesoma elimu ya michezo, pengine katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya au katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye atagundua kwamba mlango ulifungwa kabla hajabisha. Wanafunzi nao huona yote hayo. Wanajifunza somo lisilo katika mtaala wowote, kwamba bidii ni ya wajinga.

Hata hivyo, watetezi wa upande wa pili wasidharauliwe, kwa kuwa hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba mtu mwenye cheti kutoka mjini hukaa mwaka mmoja, akaomba uhamisho, akaenda zake, ilhali aliyesoma hapo huijua baridi ya huko, huzijua desturi, na hukubali kufanya kazi jioni bila posho. Kila mwalimu aliyewahi kufanya kazi mbali na mji mkubwa anajua kwamba maneno hayo si ya uongo.

Lakini uaminifu hauzaliwi darasani peke yake. Huzaliwa kazini pia. Mfano mzuri uko kwa majirani wa Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland, alifika katika shule ya St Patrick's mjini Iten kufundisha jiografia. Hakuwa amesoma hapo, wala hakuwa mtaalamu wa riadha. Alijifunza kwa kumsaidia mwalimu aliyemtangulia, Peter Foster, akatazama, akapima, akasahihisha. Peter Rono, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda huyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, akaweka rekodi ya dunia. Mgeni huyo alikaa Iten kwa miongo mingi. Kazi ndiyo iliyomfanya mwenyeji.

Peramiho haihitaji kwenda Iten kulitafuta fundisho hilo. Katika makaburi ya abasia wamelala watu waliotoka nchi za mbali, ambao hawakusoma katika shule yoyote ya Songea, lakini waliitumikia mpaka pumzi ya mwisho.

Mfano wa Iten unafundisha na jambo la pili, kwamba ustahili si karatasi tu. Kama Bruda Colm angepimwa kwa vyeti vya riadha peke yake, asingepata kazi hiyo. Kijana wa karakana hujulikana ufundi wake kwa kiungo cha mbao alichokiunga, na mwalimu wa michezo apimwe vivyo hivyo. Apewe wanafunzi ishirini na saa moja uwanjani, na kamati isimame kando na kutazama.

Nchi hii haijakosa vipaji. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 mjini Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha, na tangu hapo Taifa halijapata medali nyingine ya Olimpiki. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Ni kweli kwamba viwanja, viatu na chakula vina sehemu yao katika ukame huo mrefu. Lakini viatu havimfundishi mtu kukimbia.

Yafaa basi kila chuo kiandike sifa za kazi kabla jina la mtu halijatajwa, kisha nafasi itangazwe hata kama ni kwa karatasi ubaoni. Mjumbe wa kamati aliyesoma na mwombaji, au aliye na undugu naye, atoke nje wakati wa kuamua. Waombaji wawili wakiwa sawa kabisa, hapo aliyesoma chuoni apewe kipaumbele, na hakuna atakayenung'unika. Nao waliosoma zamani waonyeshe mapenzi yao mahali panapofaa: wachangie nauli ya timu, wasawazishe uwanja, wanunue viatu.

Mwanachama wa Chama huahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hatakitumia kwa faida yake. Ahadi hiyo haikuweka msamaha kwa rafiki wa bwenini. Mkuu wa chuo anayempa kazi rafiki asiyeiweza hajakilipa chuo fadhila. Amewatoza wanafunzi deni la urafiki wake.