Reli Inayopita Ukambani na Bili Inayobaki

Serikali imeshikilia kwamba reli ya kisasa, SGR, lazima ivuke Naivasha, ifike Kisumu na hatimaye Malaba. Fedha zinazotegemewa kwa kazi hiyo ni za ushuru wa maendeleo ya reli, ambao Desemba 2024 ulipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Niseme mapema: kwa watu wa Makueni na Kitui, uamuzi huu ni dhuluma. Kabla ya kilomita moja kuongezwa upande wa magharibi, wenye reli walipe kwanza deni la zaidi ya karne moja walilonalo hapa Ukambani, nchi ya Wakamba.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja zao. Wanasema SGR imepunguza safari ya Nairobi hadi Mombasa ikawa ya saa tano hivi, na hilo ni kweli. Wanasema reli inayokomea Naivasha haiwezi kuvuta mzigo wa Uganda wa kutosha kulipa mkopo wa Wachina. Huenda hilo nalo ni kweli. Tena wanatukumbusha kwamba Makueni ina vituo vitatu vya SGR: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Vipo, na treni ya abiria ya vituo vya kati husimama hapo. Lakini hoja zote hizo zinazungumzia mwendo wa treni, mzigo na mkopo. Hazijibu swali ambalo Ukambani imekuwa ikiuliza tangu siku za kampuni ya kwanza ya reli: nani analipa, na nani anapanda?

Kampuni hiyo ilikuwa ile ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ya William Mackinnon, iliyopata hati yake mwaka 1888. Ilifungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda bara kupitia Kibwezi. Ikajaribu pia kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa, ikaishiwa fedha baada ya kilomita chache tu. Mwaka 1895 ilijiondoa na kuiachia serikali ya Uingereza mzigo wote. Mwaka uliofuata ujenzi wa Reli ya Uganda ukaanza. Bunge la London lilikuwa limeidhinisha pauni milioni 3. Kazi ilipokwisha gharama ilikuwa imepita milioni 5. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na Ziwa Victoria Desemba 1901.

Katika hesabu hiyo yote, Mkamba hakuwa abiria wala mwenye mzigo. Alikuwa mwenye ardhi iliyo njiani. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilitumia sheria ya India ya kutwaa ardhi, ikachukua eneo la maili moja kila upande wa reli. Injini zilikunywa maji ya hapa na kuchoma kuni za hapa. Reli ilikuwa ikikatiza Makueni wakati njaa kuu ya Ngomanisye ilipokuwa ikiua watu Ukambani nzima, Kitui ikiwamo.

Matawi ya reli yaliyofuata yanaonyesha nani alihesabiwa. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na ndani ya miaka michache ikajengewa tawi la zaidi ya kilomita 140 kutoka Konza, mlangoni mwa Makueni, hadi kwenye magadi yake. Walowezi walipata tawi la Thika, na baadaye reli ikawafikia Nanyuki na Kitale. Kitui, nchi kubwa yenye watu, ng'ombe na nafaka, haikupata hata kilomita moja. Mpaka leo haina.

Wale waliopitiwa na reli nao waliijua kwa namna moja. Mwaka 1938 serikali iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig kikawa tayari Athi River, kando ya reli, kuwapokea. Watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akahamishwa na kufungiwa Lamu. Wakati huo hakuna aliyesema kwamba Ukambani iko mbali na reli. Kumbe mali inapotakiwa kutoka, reli huwa karibu. Mwenye mali anapotaka huduma, anaambiwa mipango haimruhusu.

Tungetarajia Kenya huru ifute mwenendo huo. Badala yake imeurudia kwa bei kubwa zaidi. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Ilipofunguliwa mwaka 2017, treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliondolewa. Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar enzi za ujenzi wa reli, haukupata kituo cha SGR. Makindu nayo ikaachwa.

Fika Makindu uone. Huu ulikuwa mji wa injini na wafanyakazi wa reli. Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote huingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chapati, dengu na chai bila kudaiwa senti. Hekalu lililozaliwa na reli sasa hupokea wageni wanaoshuka kwenye mabasi, matatu na malori ya barabara kuu.

Hapa ndipo uvumilivu unapokwisha. Ushuru wa reli haumuulizi mtu anaishi wapi. Mwenye bodaboda wa Mutomo anaponunua tairi kutoka nje ya nchi, analipia reli. Mama wa Mwingi anaponunua simu, analipia reli. Mkulima wa Kathonzweni anaponunua pampu ya maji, analipia reli. Kisha maembe yake yanapoiva anamsubiri dalali mwenye lori, akubali bei ya dalali au yamwozee, huku makontena yakipita kwa reli kutoka bandarini kwenda Embakasi na Naivasha. Januari 2024 nauli ya chini ya Nairobi hadi Mombasa nayo ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mtu huyu amelipa dukani, amelipa kwenye tiketi, na sasa anaambiwa alipe tena ili treni ifike Malaba.

Wala tusiambiwe kwamba reli ya zamani haifufuki. Ya Nanyuki ilifufuliwa mwaka 2020. Ya Kisumu ilirudishiwa abiria Desemba 2021. Zote ni reli za mkoloni, za upana uleule wa mita moja unaopita Makindu na Sultan Hamud. Kilichofufua zile ni uamuzi wa serikali. Kinachoiweka ya Makueni kando ni uamuzi wa serikali pia, na anayeuita uamuzi huo jambo la kiufundi anatudanganya.

Kitui nayo isiambiwe ingoje tawi lake. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mjini Kitui imekwisha kujengwa. Kibwezi ingewekewa ghala, mizani na ratiba ya mabehewa ya mazao, ndengu za Kitui na maembe ya Makueni yangepakiwa kituo kimoja.

Magavana, maseneta na wabunge wa kaunti hizi mbili wana kura na wana sauti. Bajeti ya reli ikifika Bungeni, waweke masharti matatu: treni ya abiria irudi kwenye reli ya zamani kati ya Konza na Mtito Andei, Emali na Kibwezi zipakie mazao ya wakulima, na sehemu ya ushuru itengwe kwa kazi hizo kabla ya senti moja kwenda Malaba. Masharti hayo yakikataliwa, waipinge bajeti hiyo bila kusita. Na wewe msomaji, mbunge wako akija kuomba kura mwaka 2027, muulize alipiga kura upande gani.