Mwulize Mgonjwa Angali na Kauli

Mzazi akishikwa na maradhi mazito huko Bahati, Nakuru, jamaa huitisha harambee. Pesa zikiisha, ng'ombe huuzwa, kisha kipande cha shamba. Lakini je, ni nani amemwuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini?

Mwaka wa 2013, huko San Francisco, Marekani, daktari Rebecca Sudore na wenzake walitoa programu ya kompyuta iitwayo PREPARE. Haitibu, huuliza tu, kwa lugha nyepesi na video. Ukishindwa kusema, nani atakusemea? Ni jambo gani unalolithamini zaidi maishani?

Maswali hayo hayahitaji umeme. Chukua daftari, umwulize mzee: angependa kulazwa hospitalini au kuuguzwa nyumbani? Kati ya wanawe, nani azungumze na daktari? Majibu yasomwe mbele ya jamaa wote, na daktari aelezwe. Ukimuuguza nyumbani, watafute wauguzi wa hospisi, huduma iliyoanza Nairobi mwaka wa 1990. Wao hutuliza maumivu.

Shamba nalo lataka wosia wa kisheria. Wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili, nao hubatilika aliyeutoa akiishi zaidi ya miezi 3. Afadhali uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi.

Kumwuliza mgonjwa si kumtakia kifo. Asipoulizwa leo, kesho wanawe watagombana kitandani pake, kila mmoja akidai ndiye aijuaye nia ya baba.