Sifuri katika Daftari

Ripoti ya malale inapofika Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, ikiwa na sifuri mbele ya jina la kijiji, sifuri hiyo inaweza kuwa imezaliwa kwa njia mbili. Huenda ekipi ya kupima ilifika, watu wakaitwa, vidole vikatobolewa, na hakuna aliyekutwa na kimelea. Huenda pia hakuna aliyefika: barabara ilikatwa na mvua, wenye silaha walikuwa njiani, au petroli ya pikipiki ilikosekana. Karatasini sifuri hizi mbili hazina tofauti. Kwa mama wa Kabambare ambaye mwanawe amebadilika tabia, usiku halali na mchana anasinzia mbele ya chakula, tofauti yake ni uhai.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya modeli za kompyuta katika elimu ya viumbe na magonjwa, na tumeamua kuzitazama tukiwa kusini mwa Maniema. Wapo wasomaji watakaouliza: mahali ambapo sentre ya afya inaweza kukaa miezi bila karatasi za kuandikia, hesabu za kompyuta ni za nini? Nawajibu bila kusita kwamba ni hapa hasa zinapohitajika. Palipo na kipimo kwa kila mgonjwa na maandishi kwa kila kifo, kuhesabu kunatosha. Penye daftari lenye matundu, unahitaji njia ya kufikiri juu ya kisichoandikwa. Ila modeli huziba tundu kwa dhana, na dhana ikitoka kwa mtu asiyeujua mto Luama wala Lualaba, hubaki dhana yake tu. Kwa hiyo nasema: watu wa hapa waisome modeli, waiulize, na pale inapokosea waibishie.

Tutazame inavyojengwa. Modeli ya malale huwagawa watu wa eneo kwa hali zao: wazima, walioambukizwa walio katika hatua ya kwanza, kimelea kikiwa kwenye damu na tezi, walio katika hatua ya pili, kimelea kikiwa kimeingia ubongoni, na waliotibiwa. Mbung'o wanaoeneza malale, ambao wengi wetu tunawaita tsetse, nao hugawanywa: wasio na kimelea, walionacho lakini hakijakomaa, na walio tayari kuambukiza. Kisha kila njia ya kutoka hali moja kwenda nyingine hupewa kasi yake. Mwaka 2008 Francesco Checchi na wenzake walikadiria kwamba mtu asiyetibiwa hukaa wastani wa siku 526 katika hatua ya kwanza, na siku 500 katika ya pili. Karibu miaka mitatu mtu huyo analima, anavua, anakwenda sokoni, na mbung'o wanamuuma. Namba kama hizo zikishapatikana, kompyuta huyaendesha maisha ya eneo hilo mara maelfu, kila mara ikibadilisha kidogo yale yasiyojulikana vizuri, na hubakiza matokeo yanayolingana na yaliyomo daftarini.

Ninachokipenda katika kazi hii ni ukali wake kwa yule anayeifanya. Mganga akisema kwamba watu wengi hawaji kupimwa, sote tunaitikia kwa kichwa na mazungumzo yanaendelea. Modeli haiitikii. Inataka kujua ni wangapi wasiokuja, ni akina nani, na wanashinda wapi wakati wenzao wamepanga foleni. Asiye na jibu hulazimika kuandika wazi kwamba anakisia.

Kasongo, hapa kusini mwa Maniema, haikuingia katika elimu hii jana. Joseph Everett Dutton, Mwingereza wa shule ya tiba ya tropiki ya Liverpool, ndiye aliyekipa kimelea cha malale jina la Trypanosoma gambiense mwaka 1902, baada ya kukiona katika damu ya mtu huko Gambia. Mwaka uliofuata alitumwa Kongo pamoja na John Lancelot Todd kuuchunguza ugonjwa huo, wakapanda na mto hadi Maniema. Njiani walithibitisha jambo jingine, kwamba homa ya kurudirudia huletwa na papasi, wale kimputu wanaojificha katika nyufa za sakafu ya udongo. Homa hiyohiyo ilimwua Dutton hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kabla hajatimiza miaka 31. Bakteria wa homa hiyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Katika shule hiyohiyo ya Liverpool alifundisha Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria hupitia kwa mbu. Mwaka 1911 Ross alichapisha hesabu zilizowashangaza wengi wa wakati wake: ili malaria itoweke mahali fulani, si lazima kuua kila mbu. Kuna kizingiti. Mbu wakipungua chini yake, kila mgonjwa anaambukiza, kwa wastani, chini ya mtu mmoja, na ugonjwa unakwisha wenyewe. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliongeza hoja iliyotokana na umbile la mdudu mwenyewe. Kimelea cha malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mbu kijana hana madhara. Wa kuogopwa ni yule aliyezeeka. Ukipunguza kidogo tu nafasi ya mbu kuishi hadi kesho yake, wanaofikia uzee wa kuambukiza hupungua sana. Jambo hilo halikuonekana kwa darubini. Lilionekana kwa kalamu, na ndiyo sababu kunyunyizia dawa kwenye kuta, ambako mbu aliyeshiba hutua, kulionekana kuwa na nguvu kuliko idadi ya mbu waliouawa ingeonyesha.

Malale yapo karibu mno na kizingiti hicho. Mgonjwa mmoja, kwa wastani, huambukiza zaidi kidogo tu ya mtu mmoja. Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kufutwa, na Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kukomesha maambukizi yake ifikapo 2030. Mwaka 1998 wagonjwa walioripotiwa Afrika nzima walikaribia 40,000, na ilidhaniwa kwamba wengine 300,000 hawakuonekana. Mwaka 2018 waliripotiwa chini ya 1,000. Sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa hao, wa zamani na wa sasa, ni wa nchi yetu. Na kwa kuwa ugonjwa umekaa ukingoni, kuulegezea kidogo kunatosha kuurudisha. Tuliliona hilo: baada ya 1990, Ubelgiji iliposimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama nchi yetu ya Kongo ilivyoitwa wakati huo, ekipi za kupima zilipungua. Kwanza namba zikaonekana nzuri, kwa kuwa watafutaji walikuwa wachache. Kisha ugonjwa ukalipuka.

Lakini mfano ninaotaka msomaji aukumbuke zaidi haukutoka Liverpool wala Geneva. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen iliendesha hapa Mradi wa Kasongo, pamoja na wahudumu wa hapa: sentre za afya vijijini, hospitali moja ya kupokea wanaozidiwa, na daftari zilizotunzwa kwa uangalifu ambao ungesifiwa popote. Mpangilio huo ni mmoja kati ya mifano iliyoizaa zoni ya afya tunayoijua leo. Watoto walichanjwa surua, na wahudumu wakaandika nani alichanjwa, nani hakuchanjwa, nani alikufa na akiwa na miezi mingapi.

Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Lancet hesabu ya uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi, hasa katika umri ambao surua inashika kwa nguvu. Lakini baadaye sehemu ya faida hiyo ilionekana kupungua. Timu ikauliza swali zito: je, chanjo inamwokoa mtoto dhaifu na surua leo, ili kesho achukuliwe na kuhara au njaa? Swali hilo lilizunguka dunia nzima, na waliokuwa wakitafuta sababu ya kutochanja walilipenda kupita kiasi. Wengine wakalipinga, na ni haki yao. Peter Aaby, Mdenmaki aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwaka 1978, alikusanya tafiti za nchi kadhaa, Zaire ikiwemo, na mwaka 1995 akahoji kinyume chake: chanjo ya surua hupunguza vifo kuliko surua yenyewe ingeweza kueleza, kana kwamba inaufundisha mwili kujilinda na mengine pia. Mjadala huo haujafungwa mpaka leo.

Nauleta mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha mpaka wa hesabu ya namna ile. Jedwali la uhai linakuambia nani alikufa na lini, wala halikuambii mwili ulifanya nini. Ili kuchagua kati ya maelezo ya Kasongo na yale ya Guinea-Bissau, unahitaji modeli yenye mwili ndani yake: kinga inajengwaje, surua inaifutaje, utapiamlo unaiondolea nini. Pili, na hili nalisema kwa fahari, ubishi wa kisayansi uliodumu miongo minne uliwezekana kwa sababu mtu fulani katika kijiji cha Kasongo aliandika tarehe kwa mkono wake, na hakukosea.

Sasa turudi kwenye sifuri. Mwaka 2015 Kat Rock wa Chuo Kikuu cha Warwick na wenzake, akiwemo Crispin Lumbala wa mpango wa taifa wa kupambana na malale, PNLTHA, walizilinganisha modeli kadhaa na takwimu za zoni za Yasa Bonga na Mosango, zilizoko katika mkoa wa leo wa Kwilu. Katika modeli moja watu wote walikuwa sawa. Katika nyingine, baadhi walikaa zaidi penye mbung'o. Katika nyingine tena, haohao wanaokaa penye mbung'o ndio wasiohudhuria upimaji. Takwimu ziliafikiana vizuri zaidi na hii ya mwisho. Maana yake ni nzito: ekipi inaweza kurudi kila mwaka, ikapima watu walewale wasio hatarini, na ikaondoka na namba za kuridhisha, huku ugonjwa ukiendelea kwa wale ambao haijawahi kuwaona. Kazi ya baadaye ya kundi hilo imeenea kwenye zoni za afya nyingi za nchi, moja moja, kwa kutumia takwimu zilizokusanywa tangu mwaka 2000.

Hapo ndipo naanza kuwa na maswali ya kwetu. Nani haji kupimwa kusini mwa Maniema? Kwilu si Kabambare. Kwetu kuna wachimba dhahabu wa Salamabila, wanaotoka mbali na kuhama kila habari ya mshipa mpya inapopita. Kuna wavuvi wanaolala kambini kando ya Lualaba. Kuna kina mama wanaoshinda katika mashamba ya mpunga mabondeni, karibu kabisa na maji, na sijui ni modeli gani inayowaweka katika kundi la hatari. Kuna familia zilizokimbia mapigano zikarudi, zikakimbia tena, ambazo jina la kijiji chao katika orodha ya watu ni la mahali walipoishi zamani. Modeli ikichukua tabia ya Yasa Bonga na kuihamishia Kabambare, itatoa jibu lenye sura ya uhakika, na hakuna atakayejua mpaka mtu wa Kabambare alisome.

Elimu ya viumbe nayo haijamaliza kutushangaza. Mwaka 2016 watafiti walipochunguza vipande zaidi ya elfu moja vya ngozi ya watu wa Kongo, vilivyohifadhiwa tangu miaka ya 1990, walikuta kimelea cha malale ndani ya ngozi ya wachache ambao hawakuwa wametambuliwa kuwa wagonjwa. Kama kimelea hukaa ngozini muda mrefu bila dalili, hali mpya lazima iongezwe kwenye modeli, na lengo la 2030 linaweza kusogea. Utaratibu wa kuacha kukitembelea kijiji kila mwaka baada ya miaka mitatu ya kupimwa bila mgonjwa unategemea jibu la swali hilo, na unategemea pia hiyo miaka mitatu kuwa ya kupimwa kweli.

Ndiyo maana nadai jambo moja kwa watafiti wanaotumia takwimu zetu. Kila modeli iliyojengwa kwa daftari za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Salamabila au Kabambare irudishe kwenye sentre zilizoziandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: tulidhani wangapi hawakupimwa, tulidhani wanashinda wapi, na kwa hiyo tunaamini wagonjwa wangapi bado wapo. Mwuguzi mkuu wa sentre na RECO wake, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wanaweza kuyakagua hayo kwenye baraza jioni moja. Watajua papo hapo palipokosewa. Wala wasiitwe wakusanyaji wa takwimu tu. Majina yao yaandikwe pamoja na ya wengine.

Ndani ya toleo hili utakuta pia makala kuhusu mbu, surua, na virusi vya mihogo, kila moja ikieleza dhana zake wazi ili zipingwe. Kurasa za mwisho tumeziacha kwa ajili ya barua za wauguzi.

Na kwa waliofanya kazi katika Mradi wa Kasongo, au watoto wao waliorithi masanduku yao: daftari za kabla ya 1990 msizichome wala msizipeleke sokoni kufungia karanga. Hata zilizoliwa na mchwa zina kazi. Umri, kijiji na tarehe vikisomeka, mstari huo unaweza kuingia katika hesabu. Leteni nakala kwenye ofisi ya zoni ya afya. Daftari lenyewe libaki nyumbani kwenu.