Cheche Hairekebishwi kwa Kubahatisha

Lori kuukuu la petroli likishindwa mlima, usikimbilie kununua kabureta mpya. Huenda cheche haiji kwa wakati wake. Ikichelewa, nguvu hupungua, injini huchemka na petroli huliwa bure. Ikiwahi mno, injini hugonga ikibeba mzigo. Handeli nayo huweza kurudi nyuma na kuvunja mkono.

Wengi huzungusha distributa kwa kusikiliza mlio tu. Mimi naona huo si ufundi. Pistoni ikitoboka, mazao yatabaki shambani.

Anza na pointi. Kisigino chake kikilika, mwanya hupungua na cheche huchelewa. Basi rekebisha mwanya kwanza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, zungusha injini kwa mkono. Silinda ya kwanza ikibana hewa, simamisha alama ya cheche mahali pake. Unga taa ndogo kati ya waya wa pointi na bodi, uwashe swichi. Legeza distributa, uigeuze mpaka taa izime. Sasa igeuze polepole kinyume cha mzunguko wa rota. Taa inapowaka tu, kaza hapo hapo.

Je, taa ndogo na pistoni, kipi ghali? Tupime, tusibahatishe.