Nasaba Yetu na Upande wa Mama

Nyumbani kwetu Mombasa pametundikwa shajara ya ukoo ndani ya kioo. Fulani bin fulani bin fulani, hata kalamu ikafika Shirazi ikasimama. Tangu utotoni nimeyasoma majina yale kwa fahari, wala sikujiuliza mbona hamna mwanamke hata mmoja.

Jawabu limenijia kutoka mahali nisipopatazamia: Makwasinyi, huko Kasigau, upande wa Voi. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa akina Esther Brielle, David Reich na Profesa Chapurukha Kusimba. Walichunguza chembe za urithi za watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, na pia huko Makwasinyi.

Basi wazee wetu hawakusema uongo. Uajemi umo: wanaume walikuja wakaoa hapa, na damu ikachanganyika tangu karibu mwaka 1000. Uhindi umo kidogo, na Uarabu ukazidi baada ya 1500. Lakini upande wa mama, takriban wote ni Uafrika, na Uafrika huo wa Mtwapa, Manda na Faza umefanana mno na wa watu wa Makwasinyi, yaani Wabantu waliochanganyika na wafugaji wa kale. Sisemi kwamba bibi zetu walitoka kijiji kile. Waliopimwa pale waliishi baada ya 1650, nasi tulikwisha kuwa Waswahili zamani. Nasema kwamba ni jamaa zetu. Na mara ngapi barazani tumemwita Mtaita "mtu wa bara", huku tumempa mgongo?

Wataita wa kale waliyaweka mafuvu ya wazee wao katika mapango ya milimani, wasisahau walikotoka. Sisi dini yetu haituruhusu kufukua kaburi, lakini kalamu tunayo. Nasaba ni ya baba, nakubali. Hata hivyo Nabii Isa katika Kurani hutajwa kwa jina la mama yake. Ni haya gani basi inayotuzuia kuwaandika mama zetu pembeni mwa shajara?

Mwezi uliopita nilikaa na shangazi yangu, daftari mkononi. Alinitajia mama wa babu, na mama yake huyo, na mwingine tena. Wa nne hakumjua jina.

"Huyo alikuja na msafara," akasema, "kutoka huko Taita."

Nimeandika hivyo hivyo.