Mzigo hauna uraia: Funzo kwa Mombasa katika ushindani wa bandari

MFANYABIASHARA wa Kampala anayeagiza vigae kutoka Uchina hana haja ya kujua ni nani aliyejenga gati gani, wala ni bendera ya taifa gani inayopepea juu ya lango la bandari. Anachotaka kujua ni mambo matatu tu: kontena lake litafika lini, litamgharimu pesa ngapi hadi ghalani mwake, na iwapo masharti aliyopewa mwezi huu yatakuwa yale yale mwezi ujao. Akipata majibu ya kuridhisha Mombasa, atapitia Mombasa. Akiyapata Dar es Salaam, atapitia huko hata kama njia ni ndefu zaidi.

Ukweli huu mwepesi husahaulika kila mara mjadala kuhusu ushindani wa bandari za Afrika Mashariki unapozuka humu nchini. Viongozi wetu hupenda kuhesabu kreni, gati na mabilioni ya pesa yaliyotumika kuchimba bahari. Mwenye mzigo yeye huhesabu siku.

Ukitazama takwimu pekee, Mombasa haina sababu ya kukosa usingizi. Mwaka 2024, bandari hiyo ilihudumia tani milioni 41.1 za shehena, ikilinganishwa na karibu tani milioni 36 mwaka uliotangulia. Makontena nayo, yakihesabiwa kwa kipimo cha kontena la futi 20, yalifikia milioni mbili kutoka takriban milioni 1.62 mwaka 2023. Hayo ni mafanikio yanayostahili pongezi, na hakuna haja ya kuwanyima sifa wafanyakazi wa Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA).

Hata hivyo, takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa makini. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na makontena ambayo hushushwa kutoka meli moja na kupakiwa katika nyingine bila kuvuka lango la bandari. Ongezeko hilo lilikuja wakati ambapo mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalikuwa yamezilazimu kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanga upya safari zao. Shehena ya aina hii ni mgeni wa njiani. Hulala, hulipa na kuondoka. Haimpi kazi dereva wa trela, haimwachii senti mama lishe wa Mlolongo wala fundi wa magurudumu wa Salgaa. Siku njia za bahari zitakapobadilika, inaweza kuhama bila kuaga.

Shehena inayolisha watu wengi ni ile inayopanda bara, na hiyo ndiyo inayoshindaniwa.

Kwa muda mrefu, Mombasa imekuwa ikila urithi. Reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na biashara yote ya Uganda ikafuata chuma hicho. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini wa mwaka 1985, uliotiwa saini na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, uliimarisha mazoea hayo. Kampala iko takriban kilomita 1,170 kutoka Mombasa, ilhali kutoka Dar es Salaam safari ya barabara ni ndefu zaidi kwa mamia ya kilomita. Jiografia ilitufanyia kazi, nasi tukaamini kwamba ingetufanyia kazi milele.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitikisa imani hiyo. Barabara zilifungwa, reli iking'olewa Kibera, na wakazi wa Uganda na Rwanda wakajikuta wakipanga foleni ya mafuta kwa sababu ya kura ambazo hawakuzipiga. Aliye na mlango mmoja hulala kwa hisani ya anayeushika ufunguo, na majirani zetu walilielewa hilo. Leo sehemu kubwa ya shehena ya Rwanda na Burundi hupitia Dar es Salaam. Uganda ingali mteja mkubwa zaidi wa Mombasa miongoni mwa nchi zisizo na pwani, lakini mzozo wa uagizaji mafuta wa mwaka 2023 ulidhihirisha kwamba hata Kampala haioni haya kutazama kusini inapohisi imebanwa. Ilibidi Kenya iregeze msimamo mwaka 2024 na kuiruhusu kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda kuagiza yenyewe.

Wakati huo huo, Tanzania haikuketi kitako. Mwaka 2017 ilipata ufadhili wa Benki ya Dunia wa kupanua na kuongeza kina cha gati za Dar es Salaam. Kampuni iliyokuwa ikiendesha kituo cha makontena tangu mwaka 2000 iliondoka mwishoni mwa 2022, na Oktoba 2023 serikali ikatia saini mkataba wa miaka 30 na DP World ya Dubai kuendesha baadhi ya gati, baada ya mjadala mkali uliowagawanya wanasiasa, wanasheria na viongozi wa dini. Mei 2024, kampuni ya Adani kutoka India nayo ilipewa kituo cha pili cha makontena kwa miaka 30. Aidha, treni za umeme za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka huo huo, na reli hiyo inalengwa kuvuka nchi nzima hadi kwenye maziwa na mipaka ya magharibi.

Je, hii ina maana kwamba Dar imeshinda? La. Bandari hiyo nayo imewahi kushuhudia meli zikitia nanga nje kwa siku nyingi zikisubiri nafasi. Katika orodha ya Benki ya Dunia ya mwaka 2023 iliyopima ufanisi wa bandari za makontena duniani, Mombasa na Dar es Salaam zote zilikuwa karibu na mkia. Hakuna anayeweza kumcheka mwenzake hapa. Nyani haoni kundule.

Lakini kuna kosa moja ambalo Kenya ililifanya kwa hiari yake, na ambalo halipaswi kurudiwa. Reli ya kisasa (SGR) kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyogharimu Sh327 bilioni, ilifunguliwa Mei 2017 na kuanza kubeba makontena Januari 2018. Ilijengwa kwa mkopo wa Uchina, na mkopo ulihitaji mizigo ili ulipwe. Badala ya kuwavutia wateja kwa bei na wepesi, serikali ilichagua njia ya mkato, yaani amri. Kuanzia mwaka 2018, waagizaji walianza kuelekezwa kusafirisha makontena yao kwa treni hadi Embakasi. Mwaka 2019, amri hiyo ilikazwa zaidi, wakazi wa Mombasa wakaandamana na serikali ikalazimika kuisitisha. Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, shehena za nchi jirani zikaelekezwa Naivasha, nao wafanyabiashara wa Uganda wakalalamika. Novemba mwaka huo, Mahakama Kuu ikaharamisha maagizo ya kulazimisha matumizi ya reli. Septemba 2022, Rais William Ruto akaagiza shughuli za kuondosha mizigo zirejeshwe Mombasa siku alipoapishwa.

Hebu tujiweke katika nafasi ya mwenye mzigo. Katika muda usiozidi miaka mitano, alisikia kwamba kontena lake lingechukuliwa Mombasa, kisha Embakasi, kisha Naivasha, kisha Mombasa tena. Pengine kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini biashara ya makontena haivumilii kigeugeu, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa ina bei yake. Kontena lenyewe si mali ya mwagizaji, bali ni la kampuni ya meli. Siku alizopewa bila malipo zikipita, hutozwa ada ya kulishikilia, huku bandari ikimtoza ada ya hifadhi. Akishalipakua Kampala au Juba, ni lazima alirejeshe tupu pwani. Na kwa kuwa nchi za bara huagiza bidhaa nyingi kuliko zinazouza nje, trela nyingi hushuka bila shehena, nayo nauli ya kupanda hulazimika kugharimia safari zote mbili.

Gharama hizo hazibaki bandarini. Hupanda lori pamoja na mzigo, huvuka mpaka, na mwishowe hulipwa na anayenunua sabuni sokoni. Hapa kwetu pia ni vivyo hivyo. Mkenya anayedhani ushindani wa bandari ni habari ya matajiri na mawakala wa forodha pekee na ajiulize ni kwa nini betri ya gari au dawa ya mifugo humfikia ikiwa ghali.

Kuna jawabu jingine ambalo hupendwa na wapangaji wetu, nalo ni kujenga bandari nyingine. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, yenye kina cha kupokea meli kubwa mno. Lakini bomba la mafuta na reli vilivyokusudiwa kuipa uhai havikufuata, na kwa miaka kadhaa gati zake zilipokea meli chache mno. Ethiopia, iliyotarajiwa kuwa mteja mkuu, iliendelea kutegemea Djibouti, huku Berbera ikifungua kituo kipya cha makontena mwaka 2021. Bandari isiyo na njia ya kwenda bara ni kisima kisicho na kamba. Nao wavuvi wa Lamu, ambao mwaka 2018 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, ndio waliotangulia kulipia ndoto hiyo kwa riziki zao.

Basi Mombasa ifanye nini? Kwanza, itambue kwamba kreni haziwezi kufidia uzito wa makaratasi. Meli ikishapakuliwa kwa saa chache, kisha kontena likakaa siku kadhaa likisubiri mihuri ya idara mbalimbali za serikali, faida yote ya kreni huwa imepotea. Ukaguzi wa idara hizo unafaa kufanywa kwa pamoja, mara moja, na kwa muda unaojulikana.

Pili, reli na barabara ziachwe zishindane kwa haki. Reli yetu ilipofika Suswa mwaka 2019 ilikwama huko kwa miaka, ilhali Uganda ilitia saini Oktoba 2024 mkataba wa kujenga kipande cha Malaba hadi Kampala. Treni ikivuka mpaka kwa bei nafuu, haitahitaji amri ya mtu. Mzigo utaifuata wenyewe.

Tatu, mjadala kuhusu kukodisha sehemu za bandari kwa kampuni za kibinafsi ufanywe hadharani. Tanzania imechagua njia yake na matokeo yataonekana. Kwetu, swali si iwapo mwendeshaji ni wa serikali au wa nje, bali ni mkataba unasema nini kuhusu ada, ajira na muda wa kuhudumia mzigo. Mkataba uliofichwa huzaa kesi, na kesi huzaa ucheleweshaji.

Mwisho, tukome kuiona Dar es Salaam kama adui. Kwa mfanyabiashara wa Kigali au Goma, kuwepo kwa milango miwili ni kinga, na jumuiya ambayo wanachama wake wana njia mbadala ni imara kuliko ile inayotegemea mlango mmoja. Ushindani huo ndio utakaotulazimisha kufanya yale ambayo tungeyaahirisha. Mombasa ina bahari, ina ujuzi na ina umbali mfupi hadi Kampala. Ilichokosa kwa miaka hiyo ni msimamo usioyumba. Yule mwagizaji wa vigae hatudai upendeleo wala undugu. Anataka tumwambie siku, kisha siku hiyo ifike na kontena lake.